Sindano kwanza, kamera baadaye

Kila anayekuja kujifunza upasuaji wa uti wa mgongo kwa endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu dogo, hukimbilia skrini. Simlaumu, picha ile inavutia. Lakini ukifika hapo, kazi imeshaamuliwa na sindano inayotangulia kuonyesha njia ya bomba la kamera.

Tundu lenyewe halifiki hata sentimita 1. Kwenye upasuaji wa wazi ukikosea njia unavuta misuli, unasogea. Hapa bomba la milimita 7 au 8 limebanwa kati ya nyama na mfupa. Likiingia vibaya, utahangaika nalo saa nzima bila kuiona diski, ule mto kati ya pingili, uliyoifuata. Kwa hiyo piga eksirei ya mbele na ya ubavuni, hesabu pingili, kisha hesabu tena kuanzia sakramu, mfupa ulio chini ya pingili za kiuno. Ukipitia ubavuni unalenga pembetatu ya Kambin, nafasi ya kupitia iliyo chini ya neva inayotoka kwenye uti. Kwa diski ya L5 na S1, yaani kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na sakramu, mara nyingi mfupa wa nyonga huziba njia hiyo. Usishindane nao, pitia nyuma.

Mwaka wangu wa kwanza, mgonjwa niliyemchoma ganzi ya eneo tu aliniambia mguu unawaka. Nikamwomba avumilie, nikaendelea kusukuma bomba. Diski ilitoka vizuri, ila aliondoka na maumivu mapya ya moto mguuni yaliyomkaa wiki kadhaa, kwa sababu neva niliibana mimi. Siku hizi mgonjwa akitamka tu "mguu", mkono wangu umeshasimama.

Halafu maji, yale ambayo pampu huyasukuma ndani ili picha ibaki safi. Damu ikichafua picha, mwanafunzi huinua shinikizo la pampu. Taratibu! Angalia kwanza kama maji yanatoka sawasawa na yanavyoingia, kisha tafuta panapovuja damu upachome. Shinikizo kubwa likidumu hupanda hadi kichwani. Mgonjwa aliye macho akilalamika shingo inauma, punguza maji papo hapo, maana kinachofuata chaweza kuwa degedege. Aliyelazwa kwa nusukaputi hatakwambia, kwa hiyo huyo mlindie saa na pampu.

Wagonjwa wa kuanzia nao wawe wepesi: diski moja, maumivu ya mguu yanayolingana na MRI, na ambaye wiki za dawa na mazoezi hazikumsaidia, kwani wengi hupata nafuu bila kisu. Aliyeziba mkojo na kufa ganzi sehemu za siri ni dharura. Huyo usimfanye somo lako, muite mkubwa wako usiku huohuo.