Maswali ya Kamera: Mechi za ukumbini, taa hafifu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninapiga picha za mpira wa kikapu katika ukumbi wa shule. Mechi zinaanza saa kumi na moja jioni na kuisha usiku. Nina Canon 2000D, lenzi ya 18-55 mm iliyokuja nayo, na 75-300 mm. Nikiweka ISO 1600 na lenzi ikiwa f/5.6, napata kasi ya 1/125. Picha ina mwanga wa kutosha ila mikono na mpira vinakuwa ukungu mtupu. Rafiki mmoja anasema nidundulize ninunue 70-200 ya f/2.8, mwingine anasema 85 ya f/1.8 inatosha. Nimsikilize nani?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba. Msikilize wa pili, na sababu iko kwenye namba zako mwenyewe.

Mchezaji anayeruka hagandi kwa kasi ya 1/125 ya sekunde. Kwa kikapu anzia 1/500, na ukitaka vidole na mpira vitoke safi nenda 1/1000. Kutoka 1/125 hadi 1/1000 ni hatua tatu, na kila hatua inakata mwanga nusu. Kwa hiyo unadaiwa mwanga mara nane ya ulio nao. Ukiulipa kwa ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) peke yake utafika 12800. Kiwango cha kawaida cha 2000D kinaishia 6400, na hiyo 12800 hadi uifungue kwenye menyu, halafu nyuso zinajaa chenga. Ukiulipa kwa tundu la lenzi (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka), kutoka f/5.6 hadi f/2 ni hatua tatu kamili: ISO inabaki 1600 na kasi inakuwa 1/1000. Ukifungua hadi f/1.8 inabaki na chenji.

70-200 ya f/2.8 inakupa hatua mbili tu, yaani 1/500 kwa ISO 1600 au 1/1000 kwa 3200. Ni lenzi nzuri sana, na wapiga picha wa magazeti wanaipenda kwa sababu inavuta na bodi zao zinaimudu ISO kubwa. Lakini ina kilo moja na nusu hivi, na bei yake ni mara kadhaa ya 85. Canon EF 85mm f/1.8 USM ina gramu 425, mota yake ya fokasi ni ya haraka, na imetengenezwa tangu 1992, hivyo za mtumba zipo. Angalia tu usiuziwe RF 85mm. Herufi RF ni za kamera za Canon zisizo na kioo ndani (mirrorless) na haiingii kabisa kwenye 2000D; yako inachukua EF na EF-S.

Hiyo 75-300 iache nyumbani ukienda ukumbini. Inaanza na f/4, ukivuta inashuka hadi f/5.6, na fokasi yake inatangatanga kwenye taa hafifu. Na muuzaji akikusifia lenzi kwamba ina IS, mshukuru uendelee kuuliza ukubwa wa tundu. IS inatuliza mkono wako, mchezaji haimtulizi.

Sasa pa kukaa, maana lenzi isiyovuta inakutaka ujue umbali. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinataka mita 2 wazi nje ya mstari wa uwanja. Kaa sakafuni nyuma ya hizo mita 2, kwenye mstari wa mwisho, pembeni kidogo ya goli. Mstari wa mtupo huru uko mita 5.8 kutoka mstari wa mwisho, kwa hiyo mchezaji aliyesimama pale yuko karibu mita 8 kutoka kwako. Ukishika kamera wima, 85 kwenye kihisi cha 2000D inaona kimo cha mita 2 na kidogo kwa umbali huo: mchezaji mzima, kichwa hadi viatu, bila nafasi ya kupoteza. Akija mita 4 kutoka kwako unabaki na kichwa na kifua. Hapo ndipo 50 ya f/1.8 inafaa zaidi, kwani kwa mita 4 inaona kimo cha karibu mita 1.8. Kama mfuko hauruhusu 85 kwa sasa, anza na hiyo 50. Ni gramu 160, ndiyo nafuu kuliko zote, na chini ya goli utapata picha nyingi tu. Goli la upande wa pili lisahau. Subiri wabadilishane magoli baada ya mapumziko.

Kinachoharibu picha za watu wengi baada ya kununua 85 ni fokasi. Kwa f/1.8 na mita 8, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 60 kwa jumla, mbele na nyuma. Kwa mita 4 ni sentimita 15. Beki akikatiza mbele, kamera inamfuata yeye na mfungaji anapotea. Weka AI Servo (fokasi inayomfuata mchezaji anayesogea), tumia nukta ya katikati pekee (kwenye 2000D ndiyo inayoshika vizuri kuliko zile nyingine 8), ielekeze kifuani na si usoni, na hamishia fokasi kwenye kitufe cha nyota ili uiachie wakati wowote. 2000D inapiga picha 3 tu kwa sekunde, kwa hiyo kumwaga risasi hakusaidii. Bonyeza mchezaji anapofika kilele cha kuruka, pale mwili unapokaribia kusimama hewani. Hata 1/400 inaweza kukutosha.

Piga kwa M, yaani panga kasi, tundu na ISO mwenyewe. Jezi nyeupe na nyeusi zinaidanganya kamera. Ila ukumbi wenye mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga unabadilika: saa kumi na moja jua linakusaidia, kufika saa kumi na mbili na nusu umebaki na taa peke yake. Pima upya mwanzo wa kila robo.

SWALI: Nimenunua Nikkor 50mm f/1.8D ya mtumba kwa ajili ya mashindano ya karate. Kwenye Nikon D5300 yangu fokasi haijongei hata kidogo, na wakati mwingine kamera inaandika fEE. Nimeuziwa mbovu?
Dada wa Kijenge, Arusha

JIBU: Hapana dada, inawezekana lenzi ni nzima. Lenzi za AF zenye herufi D hazina mota ndani. Zinazungushwa na mota ya kwenye bodi, na D5300 haina. Ingefanya kazi kwenye D7200. Hiyo fEE inaondoka ukizungusha pete ya tundu hadi f/22, namba ya rangi ya chungwa, na kuifunga kwa kile kitufe kidogo. Tundu utalipanga kutoka kwenye kamera.

Fokasi utaizungusha kwa mkono, huku nukta ya kijani kwenye kitundu cha kuchungulia ikikuambia umefika. Kwa karate inachosha. Ukiweza ibadilishe kwa AF-S 50mm f/1.8G. Herufi AF-S ndizo za kutafuta kwenye bodi yako, G peke yake isikutoshe.

SWALI: Napiga voliboli ukumbini kwa Canon 70D na lenzi ya f/1.8, kasi 1/500. Picha tatu za mfululizo, moja nyeupe, moja ya njano, moja imegawanyika, juu kuna mwanga na chini giza. Kamera imeharibika?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Ni taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa za mirija pamoja na LED nyingi za bei ndogo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila 1/500 inakata kipande kidogo cha mpepeso huo: mara ang'avu, mara njano. Na juu ya 1/250 shata ya 70D haifunguki yote kwa pamoja, inapita kama mwanya mwembamba, ndiyo maana juu na chini vinatofautiana.

Ukishuka hadi 1/100 tatizo linaisha na mpigaji wa smash anakuwa ukungu, kwa hiyo hiyo si dawa. Canon ilileta kinga ya mpepeso kwenye 7D Mark II mwaka 2014: kamera inasubiri kilele cha mwanga ndipo inafyatua. 70D ni ya kabla ya hapo. Wewe piga RAW (faili ghafi, rahisi kurekebisha rangi baadaye), piga mafungu ya picha tatu nne, uchague. Na fika mapema upige picha kumi za ukuta mweupe kwa 1/500 kila upande wa ukumbi. Taa zikiwa zimegawanywa kwenye fezi tatu tofauti, mpepeso hupungua pale zinapochanganyika, na pembe moja inaweza kuwa na nafuu kuliko nyingine.

SWALI: Nimeonyeshwa 85 ya f/1.8 ya mtumba. Niikague vipi kabla ya kutoa hela?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ondoa vifuniko, washa tochi ya simu upande wa nyuma, uchungulie kwa mbele. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi zinazotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Kisha ifunge kwenye kamera yako, weka f/8 na upige ukiwa unatazama ndani ya lenzi. Visu vya tundu vijifunge na kufunguka haraka, bila mafuta juu yake.

Mwisho weka gazeti mezani, simama kwa mshazari umbali wa mita 3, fungua f/1.8 na uweke fokasi kwenye mstari mmoja wa katikati. Piga kwa kuchungulia, kisha piga tena kwa skrini ya nyuma. Ya skrini ikiwa kali na ya kuchungulia ikawa kali mistari kadhaa mbele au nyuma, bodi na lenzi hiyo havipatani. Kama kamera yako ni 1300D au 2000D, menyu yake haina pa kurekebisha hilo.