Karakana ya Wasomaji: Kukaza Nati Si Kutengeneza Breki

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi magharibi, Kigoma na Tabora, na karibu zote zinauliza habari za breki. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana tatizo lake limejificha ndani ya barua nyingi ambazo hatukuweza kuzichapa.

Nati imefika mwisho wa uzi

*Mafundi, shikamooni. Naendesha bodaboda hapa Kigoma mjini, Boxer ya breki shuu mbele na nyuma. Nati ya breki ya nyuma nimeikaza mpaka uzi umeisha, na bado nikishuka kutoka Mwanga kwenda stesheni pikipiki haisimami ninapotaka. Fundi wa kijiweni anasema atauchomoa mkono wa breki kwenye habu na kuurudisha jino moja, nipate nafasi ya kukaza tena bila kununua shuu. Nimkubalie? Dereva, Mwanga*

Marahaba, ndugu. Usimkubalie.

Ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kuna kamu, kipande cha chuma bapa. Ukikanyaga pedali, fimbo inavuta mkono, mkono unazungusha kamu, na kamu inatanua shuu mbili, vile vipande vya nusu duara vya kusugua, mpaka ziguse ukuta wa ngoma, yaani duara la ndani ya habu. Shuu zikiwa mpya, kamu hugeuka kidogo tu. Kadiri zinavyolika ndivyo inavyolazimika kugeuka zaidi, hadi ikaribie kusimama wima. Ikifika hapo inaweza kukwama: unaachia pedali, shuu hazirudi, na gurudumu linajifunga ukiwa katikati ya mteremko. Kurudisha mkono jino moja ndiyo njia fupi ya kuifikisha kamu huko. Tena hakuna anayejua siku itakapokwama.

Kipimo unacho tayari kwenye pikipiki. Habu nyingi zina mshale mdogo kwenye shina la mkono na alama kwenye sahani ya breki, kile kifuniko cha habu kinachobeba shuu. Kanyaga hadi mwisho. Mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha, hata kama uzi wa nati bado upo. Tazama pia mkono na fimbo: breki ikiwa imekanyagwa, pembe kati yake isizidi nyuzi 90. Ikizidi, nguvu ya mguu inapotea bure.

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Tafuta spana za 10 hadi 22, plaiza, venia (kipimo cha milimita), msasa namba 120, spiriti, vitambaa, grisi ya beringi ya kuhimili joto, kota pini mpya mbili (pini za kukunjwa ncha), na seti ya shuu mbili pamoja na springi zake. Usirudishe springi za zamani. Zikishalegea, shuu zinasugua muda wote, habu inachemka, na utadhani tatizo ni beringi.

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, habu ikiwa imepoa. Fungua nati ya kurekebishia, kisha fimbo inayozuia sahani ya breki isizunguke, kisha nati ya ekseli. Ukichomoa ekseli, angalia kila bushi imetoka upande gani, uipige picha kwa simu. Sahani itatoka na shuu zake. Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa zipo shuu zenye asbesto na huwezi kuzitambua kwa macho.

Pima laini ya shuu, yaani ule uso wa kusugua uliobandikwa juu ya chuma, mahali palipolika zaidi. Kwa pikipiki nyingi ndogo mwisho ni milimita 2. Halafu pima ngoma, jambo ambalo vijiweni karibu wote wanaliruka. Ukuta wake wa ndani una maandishi MAX DIA na namba. Ngoma ya milimita 110 kwa kawaida ina mwisho wa 111, na ya 130 mwisho wake 131. Pima mara mbili kwa njia ya msalaba, kwa sababu ngoma hulika kwa umbo la yai. Ikiwa imepita namba hiyo, shuu mpya zitagusa katikati tu, na utarudi dukani kulalamika kwamba umeuziwa feki. Hapo kinachotakiwa ni habu.

Kutoa shuu, zikunje zote mbili kwa pamoja kuelekea kwako kama unafunga kitabu. Kabla ya kuchomoa kamu, tafuta nukta iliyogongwa kwenye ncha yake na nyingine kwenye mkono. Nukta hizo lazima zikutane wakati wa kurudisha. Kama hazipo, zigonge wewe. Safisha kamu, ipake grisi kiasi cha punje ya mahindi, na nyingine kama hiyo kwenye pini ambapo shuu hujishikiza. Basi, isizidi hapo. Grisi ikigusa laini, au oili sili ya habu (mpira wa kuzuia mafuta) ikivuja ikailowesha, shuu hizo ni za kutupa. Kuziosha kwa petroli na kuzianika juani hakusaidii, mafuta yameshaingia ndani na joto litayarudisha juu. Badilisha sili kwanza, ndipo ufunge shuu mpya. Ngoma isugue kidogo kwa msasa, uifute kwa spiriti.

Unapofunga kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni ile fimbo ya kuzuia sahani: bolti yake, nati yake, na kota pini yake mpya iliyokunjwa. Ikichomoka, sahani nzima inazunguka na gurudumu, inapinda fimbo ya breki na kufunga tairi papo hapo. Tukipewa dakika moja tu ya kukagua pikipiki ya mtu, tunaanzia hapo. La pili: kabla ya kukaza nati ya ekseli, kanyaga breki na uishikilie, mwenzako akaze. Shuu zinajipanga katikati ya ngoma, na breki inashika kwa uso wote badala ya upande mmoja.

Rekebisha nati ya fimbo hadi pedali icheze milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Nati hiyo ina bonde upande mmoja, nalo lazima likae juu ya pini ya mviringo ya mkono. Ikikaa upande italegea njiani. Zungusha gurudumu: lisisugue popote, likisugua utalisikia. Hakikisha taa ya breki inawaka. Mwisho, usibebe abiria mara moja. Tafuta barabara tupu, punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 40 hadi 10 kwa saa, kama mara 20, ukiacha breki ipoe kati ya mara moja na nyingine.

Kila ukikaza cheni, gurudumu linarudi nyuma na breki inajikaza yenyewe. Rudi kwenye nati uilegeze. Habu nyingi zinaungua kwa kusahau hatua hii moja.

Breki ya diski inalegea mlimani

*Napiga mizigo Manyovu hadi Kigoma. Pikipiki ina diski mbele. Nikishuka milima mkono wa breki unakuwa laini hadi unagusa usukani, nikiupampu unarudi, na ikipoa inakuwa nzima. Kuna aliyeniongezea haidroliki, sasa ndiyo imezidi. Dereva, Buhigwe*

Kulainika wakati wa joto na kupona baada ya kupoa ni dalili ya mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani. DOT 4, mojawapo ya aina zake, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishanyonya maji hushuka hadi karibu 155. DOT 3 ni 205, kisha 140. Mteremko mrefu wenye mzigo unafika huko bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo mkono unaingia bila pedi kubana.

Haidroliki uliyowekewa ni jambo kubwa zaidi, ndugu. Mipira ya ndani ya breki imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki tu. Ikikutana na haidroliki au oili ya injini, inavimba. Pistoni zinakwama na pedi haziachii diski. Kumwaga na kujaza upya hakutoshi. Fungua masta silinda (pampu iliyo kwenye mkono wa breki) na kalipa (kinachobana pedi kwenye diski), weka mipira mipya kote, badilisha mpira mrefu wa breki, osha vyote kwa mafuta safi ya breki. Usiiendeshe kabla ya hapo.

Baada ya hapo, jaza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na 3 wala 4. Kutoa upepo: chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipo ya kalipa, yaani bomba dogo la kutolea upepo, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Minya mkono mara tatu, ushikilie, legeza nipo robo mzunguko, mkono ukifika mwisho ifunge, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla ya kufunga, unavuta upepo ndani na kazi inaanza upya. Kikopo kisishuke chini ya alama ya chini hata mara moja. Endelea mpaka mapovu yaishe na mkono uwe mgumu. Yakimwagika kwenye tangi, mwagia maji haraka, yanakula rangi.

Rudia kila baada ya miaka 2. Na mlimani shuka kwa gia ya pili au ya tatu, injini ikibeba sehemu ya kazi.

Spea za kuaminika

*Mimi ni mama, nina pikipiki mbili za bodaboda hapa Urambo. Kila mara vijana wananiambia shuu zimeisha. Nawezaje kununua mwenyewe bila kuuziwa feki, na kujua kama kweli zilikuwa zimeisha? Mmiliki, Urambo*

Mama, anza na sharti moja: hakuna pesa ya spea mpya kabla ya spea ya zamani kuletwa mkononi mwako. Weka rula kwenye laini. Ikiwa imebaki milimita 3 na haina mafuta, haikuwa imeisha. Ikiwa imelika upande mmoja tu, shuu si tatizo, ufungaji ndio mbaya.

Ya zamani ndiyo sampuli yako dukani. Jina la pikipiki peke yake halitoshi, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuwa na modeli ya ngoma ya 110 na nyingine ya 130. Linganisha mambo manne: kipenyo, upana wa shuu, umbo la ncha inayokaa kwenye kamu, na umbo la ncha ya pili inayokaa kwenye pini. Kama unaagiza Tabora mjini au Kariakoo iletwe kwa basi, piga picha ya shuu juu ya rula, pande zote mbili, na uitume pamoja na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani. Mwenye duka makini ataitumia kutafuta namba ya spea kwenye katalogi.

Ukiipokea, pitisha ukucha kwenye mpaka wa laini na chuma. Pakiwa na nafasi, au gundi imetapakaa, irudishe. Shuu mbili za seti moja ziwe na alama ileile na unene uleule. Zile za zamani zilizobandikwa laini mpya kwa gundi ya viatu zikatae kabisa, gundi hiyo inalainika kwa joto na laini inabanduka ndani ya habu. Na usisahau kununua kota pini kadhaa. Ni za bei ndogo sana, na ukikosa moja fundi atakunja waya mahali pake.

Mlio wakati wa kiangazi

*Breki zinalia kama filimbi tangu mvua zikatike, ila zinashika. Zimechakaa? Msomaji, Sikonge*

Si lazima. Vumbi la kichanga limeingia na uso wa shuu umeng'aa. Fungua, futa, sugua shuu kwa msasa hadi mng'ao uishe, kisha chonga kingo zake mbili kwa mteremko wa milimita 2 au 3. Lakini sauti ikiwa ya chuma kukwaruza chuma, paki hapohapo.

Breki ya mbele niliifungua

*Wenzangu wanasema breki ya mbele inaangusha, hasa kwenye kichanga, nami nikaondoa waya. Nina kosa? Dereva, Ipuli, Tabora*

Irudishe leo, ndugu. Ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele, na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza mapema. Kwenye lami kavu sehemu kubwa ya kusimama inatoka mbele. Ukiwa na ya nyuma peke yake, unahitaji barabara ndefu zaidi, na mtoto anayevuka hakupi nafasi hiyo.

Wanaoanguka huwa wameuvuta mkono ghafla, usukani ukiwa umekatwa, au juu ya kichanga. Kwenye kichanga tumia zaidi ya nyuma na ushuke gia mapema. Kwenye lami, nyoosha usukani, anza kubana kwa vidole viwili, ongeza nguvu uzito unapohamia mbele.

Nunua waya mpya, usirudishe uliokaa nje. Kabla ya kuufunga, uning'inize na udondoshee oili nyepesi juu mpaka itokee chini. Uupitishe bila kona kali, ukate usukani kushoto hadi mwisho kisha kulia: waya usivutike popote. Mkono ucheze milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Kila wiki vuta mkono, uchungulie kile kichwa cha risasi ambapo waya unaingia. Uzi mmoja ukishakatika hapo, badilisha siku hiyohiyo, maana iliyobaki hufuata haraka.