Safari ya Hospitali Ipangwe Kabla Hamjapata Mgonjwa

Sisi tunaoishi visiwani Lamu tukiulizwa tunahitaji nini zaidi katika mambo ya afya, jibu letu huwa ni lile lile: hospitali kubwa, madaktari wa kutosha na boti ya wagonjwa. Sina ubishi na madai hayo, na kila uchaguzi unapokaribia huyatamka mwenyewe tena kwa sauti ya juu. Hata hivyo, miaka niliyofanya kazi ya uhudumu wa afya ya jamii katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate imenionyesha kwamba wagonjwa wengi tuliowakosa walitutoka kabla ya kufikishwa kwa daktari, na kwamba sehemu kubwa ya muda uliopotea ilikuwa mikononi mwetu wenyewe. Ushauri ninaoutoa hapa unahusu muda huo, kwa sababu hauhitaji kusubiri bajeti ya mtu yeyote.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliugawa ucheleweshaji unaowaua kina mama wajawazito katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika penye matibabu, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo unatufaa hata kwa aliyeumwa na nyoka au mtoto aliyezama. Tofauti ni kwamba mikutano yetu ya vijiji huzungumzia sehemu ya pili na ya tatu, ambako kuna serikali ya kulaumiwa, na ile ya kwanza hupitwa kimya kwa sababu iko ndani ya nyumba zetu.

Wanaume wengi wa huku ni wavuvi. Bahari inapotulia wakati wa pepo za kaskazi, hupanga dago, yaani kambi ya uvuvi, mbali na kwao na kukaa huko kwa wiki kadhaa, pengine mahali ambapo simu haishiki mtandao. Mke aliyebaki nyumbani na mimba ya miezi minane huwa hana neno la mwisho kuhusu mwili wake. Mama mkwe atasema tungoje kidogo, mkunga wa jadi atasema ameona makubwa kuliko haya, na ami wa mume atatafutwa ili atoe ruhusa. Niliitwa usiku mmoja kwa mzazi ambaye kondo la nyuma lilikuwa halijatoka tangu baada ya sala ya isha, na nilipofika karibu na alfajiri bado anatafutwa mtu wa kusema, "Haya, mpelekeni." Nahodha alikuwa tayari, boti ilikuwa ikielea, na pesa zilikuwapo. Mama yule alifika hospitali ya Faza akiwa hai, akaongezwa damu, na hivi leo yu mzima. Lakini kutokwa na damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama mwenye afya njema katika muda wa saa mbili, na pale tulikuwa tumekwisha kutumia saa nyingi zaidi ya hizo kwa kutafuta idhini.

Tangu hapo, kila ninapomtembelea mjamzito humwomba mume, kabla hajaondoka kwenda dago, aseme mbele ya mamake na mbele ya ndugu mmoja wa mkewe ni nani atakayeamua yeye asipokuwapo. Jina hilo tunaliandika ndani ya kitabu cha kliniki, pamoja na namba ya simu. Mama mkwe sipingani naye. Hukaa naye ubarazani nikamuuliza kwa adabu, "Bibi, ukiona damu imelowesha leso, utaniruhusu nimwite nahodha bila ya kusubiri mtu?" Sijapata bibi aliyekataa swali hilo likiulizwa mchana, mkaza mwanawe akiwa mzima na chai iko mezani. Akishakubali huwa mlinzi mkali kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye aliye nyumbani usiku. Nawaeleza wote wawili dalili zisizongoja asubuhi: damu kabla ya uchungu, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, kifafa, homa kali, chupa kupasuka bila uchungu kuanza, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Aliye na ndugu Amu, yaani mji wa Lamu, au Faza namshauri ahamie kwake mwezi wa tisa wa mimba unapoingia. Wengi wanafanya hivyo, na ni njia bora kuliko mbio zozote za usiku.

Ikishapatikana ruhusa, inabaki bahari, na bahari ina saa zake. Wageni wanaokuja kutupangia mipango ya dharura huuliza umbali kwa kilomita, ilhali mtu wa Pate huuliza maji yako wapi. Ili kufika Amu, boti zetu hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao tangu zamani manahodha huupita kwa kuhesabu kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Anayezingatia hesabu hii anaweza kujua leo kwamba mgonjwa akizidiwa usiku wa Ijumaa hapatakuwa na njia ya ndani, na kwamba njia ya nje, kuizunguka Manda kwa upande wa bahari kuu hadi kuingilia Shela, wakati wa pepo za kusi si ya kuchezewa na boti ndogo. Katika kijiji chetu, mzee mmoja wa bahari huandika kila wiki saa za maji kwenye ubao ulio nje ya zahanati, na chini yake hutaja njia ya kufuatwa: Amu kwa Mkanda, au Faza kwa nchi kavu kwa pikipiki, au kusubiri Mtangawanda ambako gati lina maji hata pwani ya Pate yenyewe ikiwa tope tupu. Kazi hiyo humchukua muda mfupi tu, nayo imetuondolea mabishano mengi ya ufukweni.

Kuhusu chombo chenyewe, chagueni manahodha wawili, kwa sababu mmoja akisafiri au akiugua mpango mzima huanguka. Patanisheni nauli mapema na muiandike, maana bei inayotajwa usiku mbele ya mtu anayelia haiwi bei ya haki kwa yeyote. Wekeni dumu la petroli la lita 20 kwa mtu mwaminifu, mbali kabisa na jiko na mbali na nyumba za makuti, na sharti lisiguswe hata na mwenyekiti wa kamati. Nasema hivyo kwa sababu mwenyekiti ndiye anayeligusa. Ndani ya boti pawe na majaketi ya kuokolea yanayowatosha wote, turubai, tochi, kamba na blanketi. Machela ya kununua ikikosekana, pondo mbili, ile miti ya kusukumia mashua, zilizopitishwa ndani ya magunia mawili yaliyotobolewa pembe humbeba mtu mzima vizuri, mradi mmekwisha kuijaribu kwa mtu asiye mgonjwa.

Kabla ya kung'oa nanga, pigeni simu hospitali mnayoiendea. Muulizaji wa zahanati atajua kama daktari wa upasuaji yupo, kama damu ipo, na kama mtalazimika kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara, na kuendelea kwa gari hadi Malindi au Mombasa. Malindi ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Mokowe, kwa hiyo jambo hilo ni afadhali kulijua mapema kuliko kulijulia wodini. Chukueni ndugu wawili wenye afya wanaoweza kutoa damu, badala ya majirani sita wa kusindikiza. Kila mtu wa nyumba ajisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024. Usajili unafanyika hata kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *147#. Na ikiwa usajili haujakamilika, msimwache mgonjwa nyumbani kwa hofu ya kufukuzwa: Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mlitaje hilo kwa upole mnapofika dirishani, kwani si kila karani anayelikumbuka.

Sasa mafunzo. Nimehudhuria semina nyingi za huduma ya kwanza, na udhaifu wa nyingi zao ni wale waliochaguliwa kuhudhuria. Huitwa wanakamati, hupewa fulana, posho na cheti, kisha hurudi nyumbani. Siku mtoto anapozama, aliye karibu ni msichana wa miaka 15 anayefua, au baharia anayeziba mashua, na hao hakuna aliyewaita. Ukiniachia mimi orodha, nitaanza na manahodha na mabaharia, waendesha bodaboda, walimu wa shule na wa madrasa, wakunga wa jadi, na wasichana wakubwa. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwatambua upya Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa, wawe walimu wa hao wengine. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha huduma ya kwanza, na kijiji kinachoomba kwa barua huku kikiwa kimekwisha kutayarisha watu na mahali husikilizwa upesi kuliko kile kinachosubiri kutembelewa.

Wakati wa mafunzo nao una umuhimu wake. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari inapochafuka na wavuvi wengi kubaki nyumbani, ndipo utakapowapata wanaume. Wanawake wapangiwe baada ya alasiri, na wafundishwe na mwanamke, ili waweze kulala chini, kushikana na kuuliza wanachotaka bila ya haya. Na mafunzo yarudiwe, kwa kuwa mikono husahau baada ya miezi michache hata kama cheti kingali ukutani. Sisi hukutana kila miezi mitatu, bila posho, na walioacha kuja kwa kukosa posho hatujawahi kuwahitaji.

Yaliyomo yafuate yanayotupata hapa. Kwa mtu anayevuja damu, kubana kidonda kwa nguvu kwa leso safi na kutoachilia kila mara ili kutazama. Kwa aliyezama, kuacha ile desturi ya kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo. Kama hapumui, apewe pumzi tano za mdomo, kisha kifua kibanwe mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi mbili, na kuendelea hivyo hadi apumue au msaada ufike. Aliyeungua atiwe kwenye maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki kuwa ya meno. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwani yakiingia mapafuni hudhuru zaidi. Aliyechomwa na mwiba wa samaki taa aloweke mguu katika maji ya moto kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, maana joto hupunguza makali ya sumu hiyo. Huyo naye asiishie hapo, aende zahanati.

Mambo mawili yanahitaji muda zaidi darasani, kwa kuwa yamezungukwa na imani. La kwanza ni degedege. Mzazi anayeamini kwamba mwanawe amepitiwa na kitu kibaya hatamkimbiza zahanati kwa kuambiwa kwamba yeye ni mjinga. Mimi husema kisomo na dua havikatazi boti, visomwe njiani. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe chochote, na apelekwe haraka, kwa sababu nyuma ya degedege mara nyingi kuna homa kali, na nyuma ya homa pengine malaria. La pili ni nyoka, hasa kwa jamaa zetu wa mashambani, Hindi na Mpeketoni, ambako kifutu hulala njiani kama gogo. Kuchanja, kunyonya na kufunga kamba ya kubana hakusaidii, na kamba hiyo imeshawagharimu watu miguu. Mvueni pete na vikuku kabla hajavimba, mfungieni kiungo kwenye kipande cha ubao kisitikisike, mbebeni asitembee, na pigeni simu mbele kuuliza ni hospitali gani ina dawa ya sumu, maana si zote huwa nayo.

Ndugu wa bara wasidhani kwamba lami imewamalizia kazi. Mvua za Novemba 2023 ziliikata barabara ya Garsen upande wa Gamba, na magari yakakaa pande mbili yakitazamana. Witu na Mpeketoni nao wawe na jina la dereva, akiba ya mafuta na mpango wa njia ikifungwa. Penye vikwazo vya usafiri wa usiku kwa ajili ya usalama, chifu na kituo cha polisi waelezwe mapema jinsi watakavyojulishwa kwamba gari au boti inayopita imebeba mgonjwa.

Kwa kaunti nina ombi dogo kuliko yale ya kampeni: ratiba ya muuguzi wa kila zahanati ibandikwe mlangoni, pamoja na namba ya simu ya kituo cha karibu cha kuendea anapokuwa likizo. Nasi vijijini, kila msimu unapogeuka, kutoka kaskazi kwenda kusi na kurudi, tuzipigie namba zote zilizo ubaoni. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo, nahodha mmoja alikuwa amehamia Mombasa, na simu ya mweka dumu la petroli ilipokelewa na mtu asiyemjua.