Re: Mtoto wa miaka 4 anamvuta mbwa mkia
Dada wa Nyalenda, pole. Umeuliza ufanyeje na kijana wako anayemvuta mbwa mkia na kumkaba shingo. Kwanza usimchape. Akichapwa kwa sababu ya mbwa, hasira ataimalizia kwa mbwa huyo huyo ukiwa sokoni.

Anza na mkono. Ushike wake, uukunjue, mpapaseni mbwa pamoja kifuani na ubavuni, mkifuata manyoya yalivyolala. Kichwani na mkiani bado. Dakika 5 zatosha, kwani mtoto akichoka huanza kubana. Mkishapapasa mara 3, ondoeni mikono mngoje: mbwa akisogea, endeleeni, akigeuza uso, akilamba midomo au akifyata mkia, mwacheni aende zake. Na anapokula, anapolala au kunyonyesha, haguswi kabisa.

Akinguruma, tafadhali msimpige. Hilo ndilo onyo lake, na mbwa aliyezoea kupigwa kwa kunguruma huja kuuma bila ishara. Mwondoe mtoto taratibu.

Kisha mpe kijana kazi: kila asubuhi aoshe bakuli la mbwa na kulijaza maji, wewe ukiwepo. Kwa joto la Kisumu liwekwe kivulini.

Mbwa apate chanjo ya kichaa kila mwaka. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Msipake pilipili wala mafuta ya taa.