Aliyerudi alikatiza safari

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Wewe unayeandika habari za imani, unapumzika lini, na shukrani unaitendaje?" Nililisoma asubuhi kwenye simu, nikaliacha, jioni nikalirudia. Naomba mnivumilie jibu likiwa refu.

Ninaishi Igombe, hapa Ilemela, Mwanza, kwenye nyumba za karibu na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Kwa miaka 17 sasa naandika masomo ya shule ya Jumapili na tafakari za kila siku za vijitabu vya kanisa. Kijitabu kimoja ni cha miezi 3, yaani tafakari 90 na ushee, kila moja na mstari wake wa Biblia, mfano wake na sala yake. Ukimaliza kimoja, cha pili kimeshachelewa.

Miaka 5 iliyopita, usiku wa Jumamosi mmoja, saa nane, nilikuwa mezani naandika tafakari juu ya Marko 6:31, pale Yesu anapowaambia mitume wake, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Miguu imevimba, kichwa kinagonga tangu Alhamisi. Mume wangu akaamka, akasimama mlangoni, akauliza, "Mama, unaandika nini saa hizi?" Nikamsomea. Hakusema neno. Alikwenda akaniletea kikombe cha maji, akarudi kulala. Wiki iliyofuata nilipimwa presha zahanati, na mganga akaniuliza ni lini mara ya mwisho nililala usiku mzima. Nilikaa kimya mpaka akaacha kusubiri jibu.

Ile tafakari ilitoka. Watu walinipigia simu kunishukuru kwa ajili yake. Kila neno mle lilikuwa kweli, na mimi niliyeliandika sikuwa nimelitii hata siku moja. Jambo hilo liliniuma kuliko presha.

Nilipoanza kujiuliza ni wapi nimewahi kupumzika kweli, kumbukumbu ilinipeleka Kigongo, kwenye kivuko. Mama yangu yuko Sengerema. Miaka yote hiyo, kwenda kumwona kulikuwa kupanda basi hadi Kigongo, kushuka, kukata tiketi na kusubiri kivuko kitoke Busisi, ng'ambo ya pili. Saa nzima, siku nyingine mbili na zaidi. Mwanzoni nilikuwa nabeba makaratasi nifanyie kazi pale, lakini upepo wa ziwa na karatasi havipatani. Basi nikawa nakaa tu. Nanunua mayai ya kuchemsha, nawatazama watoto wa wenzangu wakikimbizana kati ya magari, nasikiliza wauza samaki wa kukaanga wakitaja bei. Mara nyingine nilijikuta naomba bila kupanga kuomba. Nikifika kwa mama moyo umetulia, na nilidhani ni kwa sababu ya mama peke yake.

Kisha mwaka 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilometa 3 juu ya maji. Basi linavuka kwa dakika chache tu. Nasema kwa moyo wote kwamba namshukuru Mungu kwa daraja lile. Wapo wagonjwa wa Sengerema na Geita wanaoletwa hospitali ya Bugando usiku ambao sasa hawasubiri tena ufukweni, na mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa pale Busisi akitazama taa za ng'ambo anajua hiyo ni neema ya namna gani. Lakini kwa habari ya swali lenu, daraja lilinionyesha jambo: pumziko langu lote lilikuwa la kulazimishwa. Kivuko kilipoondoka, nikabaki sina.

Hapa mtaani kwetu wako watu wanaopumzika kwa sheria ya mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa, na mitumbwi inabaki mwaloni. Siku hizo utawakuta wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wengine wanarudi makwao kuona watoto. Nilimuuliza jirani yangu mmoja mvuvi kama haumii kuona siku zote hizo zinapita bila kipato. Akaniambia, "Mwalimu, mwezi ukijaa hata uwe hodari vipi huvui. Sasa nikasirikie mwezi?" Nikamwonea wivu kwa kuwa na mwezi. Kazi ya kalamu haina mbalamwezi. Taa ya mezani inawaka usiku wowote, na sentensi inaweza kuja saa yoyote.

Aliyenifundisha kupumzika kwa hiari ni jirani yangu mwingine, Msabato. Sisi si wa kanisa moja na juu ya siku yenyewe hatukubaliani, ila nyumba yake naiheshimu sana. Ijumaa kwao ni siku ya maandalio. Chakula kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, maji yamejaa ndooni, watoto wameoga, na jua linapozama ziwani nyumba nzima imenyamaza. Niligundua kwamba watu wale hawakumaliza kazi ndipo wakapumzika. Jua lilizama, wakaacha. Mimi nilikuwa nangoja nimalize, na kazi yangu haikuwa na mwisho.

Kwa hiyo nikachagua kuanzia Jumapili jioni hadi Jumatatu jioni, kwa sababu Jumapili yenyewe nafundisha. Nilidhani ugumu utakuwa kuacha kuandika, kumbe ugumu wa kwanza ulikuwa jikoni. Nikipumzika mimi, nani anapika? Nilikuwa nimeshamtupia binti tunayeishi naye kazi zote za siku hiyo, mpaka nilipokisoma upya Kumbukumbu la Torati 5. Katika Kutoka 20 sababu ya Sabato ni kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati sababu inayotolewa ni nyingine: mlikuwa watumwa Misri. Na pale pale imeagizwa kwamba mtumwa na mjakazi nao wapumzike vilevile. Nilimwita yule binti, nikamwomba radhi. Siku hizi Jumatatu yetu ni matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, karanga na chai, vitu visivyotaka mtu asimame jikoni, na kila mmoja anaosha kikombe chake, baba mwenye nyumba akiwemo. Mwandishi wa Kikristo anayepumzika juu ya mgongo wa binti wa kazi amejitengenezea Misri ndogo nyumbani kwake. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelifanya.

Chini ya yote kulikuwa na hofu. Niliamini nikiacha hata siku moja, kazi ya Mungu itasimama. Sikuwahi kulitamka hivyo, lakini miguu iliyovimba ilikuwa inalikiri. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunajua dhoruba inavyoweza kuwageukia watu walioondoka maji yakiwa shwari. Ndiyo maana Marko 4 inanishika sana: wenzake wanakaribia kuzama, naye Yesu yuko kwenye shetri, nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Anayelala ndani ya chombo kinachoyumba ni yule anayemjua mwenye maji.

Sasa nije kwenye shukrani, ambako sisi waandishi tuna mtego wetu wenyewe. Sijui kama wasomaji wenu wasioandika watanielewa hapa, lakini wenzangu watanielewa mara moja. Jambo jema likinipata, kabla sijasema asante, tayari nalipanga kuwa mfano. Mvua inanyesha baada ya kiangazi kirefu, nimesimama barazani, na kichwani kinakuja kichwa cha tafakari. Mtoto anapona malaria, nami naona aya ya kufungulia somo. Shukrani inapita kwangu kama mzigo unavyopita bandarini, inaenda kwa wasomaji, na mimi mwenyewe sijaila. Miaka mingi niliwafundisha watu 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo", huku kila jambo nikiligeuza kuwa kazi.

Dawa niliyoipata ni daftari moja, kaunta buku la kawaida, ambalo nimemwahidi Mungu kwamba hakuna neno lake litakalotoka kwenda kijitabuni. Naandika kwa penseli, vibaya, bila kupanga sentensi. Nakiuka ahadi kidogo leo ili mpate picha, na mengine yatabaki humo: umeme haukukatika wiki nzima. Fundi cherehani alinirudishia elfu mbili niliyomzidishia. Shemeji kaleta sato wawili, mmoja bado anapumua. Nililala saa saba mfululizo. Vitu hivi havina fundisho. Havimfai msomaji yeyote. Kwa hiyo vinabaki kuwa asante na si kitu kingine.

Daftari hilo lilinidai jambo ambalo sikulitegemea. Jumatatu moja, nikiwa sina la kufanya, niliandika majina ya watu walionisaidia nilipoanza kuandika. Katikati ya orodha akaja kijana wa steshenari aliyekuwa akinichapia kazi zangu kutoka kwenye mwandiko wa mkono, miaka ile ambayo sikuwa na kompyuta. Nilikuwa namlipa kwa ukurasa, nachukua bahasha, naondoka mbio kuwahi basi. Miaka 17. Sikuwahi kumwambia asante, ila ile ya mdomoni ya mtu anayepokea chenji.

Nilikwenda kumtafuta siku hiyohiyo. Duka limehama, lakini nilimpata upande wa Kirumba, sasa ana mvi kidogo na vijana wawili wanaomfanyia kazi. Nilipomweleza kilichonileta alibaki ameshika karatasi mkononi. Kisha akasema, "Mama, mimi nilikuwa nasoma kwanza ndipo nachapa. Iko moja niliitoa nakala nikaenda nayo nyumbani. Tulikuwa tumefiwa." Nikamwuliza ni ipi. Alikuwa amesahau mstari, anakumbuka tu kwamba mke wake aliibandika ukutani. Mimi nilikuwa nikiwahi basi, na msomaji wangu wa kwanza alikuwa nyuma ya meza ile.

Tangu siku hiyo naisoma Luka 17 tofauti. Wale kumi wenye ukoma tumezoea kuwagawa: tisa wabaya, mmoja mwema. Lakini wale tisa walikuwa wanatii. Waliambiwa na Yesu waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walikuwa njiani kwenda. Walipata uponyaji wakiwa wanatembea, wakaendelea kutembea, kwa amri halali kabisa. Yule mmoja, Msamaria, alikatiza safari, akageuka kwenda kumshukuru. Kurudi kunataka kwanza usimame, na mtu mwenye haraka hata kama anakwenda mahali patakatifu hawezi kurudi. Ndiyo sababu siwezi kuyajibu maswali yenu mawili kila moja kivyake. Miaka niliyokuwa sipumziki, sikuwa na pa kugeukia. Nilikuwa mmoja wa wale tisa, nikiandika vizuri sana habari za yule wa kumi.

Wako watakaosema hii ni anasa ya wenye mshahara. Si kweli kwamba nina mshahara, na naijua hofu ya kukosa hela ya wiki. Mama muuza dagaa hawezi kufunga biashara siku nzima kwa sababu mimi nimeandika hivi, wala simwambii afanye hivyo. Namwambia mwandishi mwenzangu, ambaye mara nyingi kinachomkesha si njaa.

Mwezi uliopita nilikwenda Sengerema. Basi lilivuka daraja kabla sijamaliza kutazama maji ya upande mmoja, na saa nne nilikuwa nimeshafika kwa mama. Kompyuta niliiacha nyumbani. Mama ni Msukuma wa zamani, ukimpa hata kijiko cha sukari atakwambia "wabeja", yaani asante, na ukikaa kidogo atakwambia tena. Aliniona mlangoni akashangaa, kwa kuwa daraja humtoka akilini mara kwa mara.

"Kivuko kimewahi leo?"

"Daraja, mama. Hatusubiri siku hizi."

"Ee. Basi muda uliobaki njiani ukae nao hapa."

Nilivua viatu, nikausogeza ungo wa choroko uliokuwa mapajani mwake ukae katikati yetu, tukachambua wote.