Waridi la karatasi linalofumuka

Dada, umeuliza kwa nini waridi lako linafumuka ukishalibandika kwenye kadi, na kwa nini mashine ya kukatia maumbo ya karatasi inaacha vipande havijakatika. Nadhani kosa la kwanza ni karatasi. Ile ya gramu 250 kwa mita ya mraba inafaa kwa kadi yenyewe, lakini kwa petali ni ngumu mno, inapenda kurudi ilivyokuwa. Tumia ya gramu 120 hadi 160.

Ukishakata lile umbo la mzunguko kama konokono, anza kukunja kutoka ncha ya nje kwenda ndani. Lile duara la katikati ndilo kitako cha ua. Kisha, na hapa wengi tuna haraka, liachie kidogo vidoleni lilegee lenyewe mpaka lifikie ukubwa unaoupenda, ndipo utie gundi nzito kwenye kitako na ulibane hadi ishike. Gundi ya maji maji italowesha karatasi na ua litafunguka tena. Mimi niliharibu maua mengi kabla ya kuacha ubahili wa gundi.

Kuhusu kukata: kile kibati cha chuma chenye umbo la ua, upande wake wenye makali uelekee karatasi. Kama bado pembe hazikatiki, ongeza karatasi moja nyembamba chini ya sahani ya plastiki inayobana karatasi na kibati ndani ya mashine, usilazimishe mkono wa mashine. Sahani uzigeuze mara kwa mara, la sivyo zinapinda. Kama karatasi inang'ang'ania kwenye makali, weka karatasi ya nta katikati.