Pumzi 20, 20, 20

Shika faili lolote wodini, fungua ukurasa wa vipimo halafu angalia safu ya pumzi, utakuta 20, 20, 22, 20 kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Manesi wenzangu mnajua inapotoka. Presha mashine inakupa namba, joto thamometa inalia, ila pumzi lazima usimame dakika nzima unaangalia kifua kinavyopanda na kushuka, na naiti, yaani zamu ya usiku, mko wawili wagonjwa thelathini na kitu, ndo hapo mtu anaandika 20 anapita.

Na mimi niliandika. Nilikuwa na mwaka na nusu kazini, wodi ya wazazi. Jioni kaletwa mama ana kifafa cha mimba, akaanzishiwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 5 kila tako, baada ya hapo ni gramu 5 kila baada ya masaa manne. Hii dawa inatoka kwa mkojo, figo zikizembea inajaa mwilini na kuzima pumzi, ndo maana kabla ya kila dozi unahesabu pumzi zisiwe chini ya 16, unagonga goti uone mguu unaruka, unaangalia mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Nilikuwa nayajua yote hayo, nimeyajibu kwenye mtihani nikafaulu.

Saa kumi usiku dozi imefika, nikaandika 20, nikavuta dawa. Sista mkubwa akapita, akamtazama yule mama, akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, huyu umemhesabu?" Nikasema ndiyo. Hakubisha, akaweka mkono juu ya tumbo la mama, akaitazama saa yake. Ilikuwa dakika ndefu jamani. Mfuko wa mkojo pale chini una kidogo tu, wa rangi ya chai ya rangi, na mimi sindano iko mkononi. Akasema, "Kumi na mbili."

Nikamwambia sijahesabu, sista. Dozi ikasimamishwa, dokta akaitwa, mama akapewa kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, gramu 1 polepole kwenye mshipa. Mama alipona akaondoka na mtoto wake. Asubuhi sista akanirudisha kwenye faili, nikapiga mstari mmoja juu ya ile 20 ili isomeke bado, nikaandika 12, muda, na saini yangu. Kufuta kwa wino mweupe alikataa kabisa.

Sasa wewe unayeanza kazi, kama hujapima acha wazi, andika haikupimwa na sababu, zamu ilikuwa na watu wawili, andika hivyo hivyo. Nafasi wazi inamshtua anayekuja baada yako akapime, ila 20 ya uongo inamwambia endelea kuchoma dawa. Na kuhesabu kuna namna, shika mkono kama unapima mapigo, maliza mapigo usiuachie, hesabu pumzi, maana mgonjwa akijua anahesabiwa anabadilisha anavyohema.

Kuna hili la wakaguzi wanakuja kesho mnaambiwa mjaze mafaili ya wiki iliyopita. Hapa ndo pagumu kweli maana anayekuambia ni mkubwa wako. Leseni uliyopewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga ina jina lako, si la inchaji, mkuu wa wodi, na saini ni yako. Mimi huwa nasema, "Samahani mama, siku hiyo sikupima, naomba nisijaze, ila nisaidie kupanga vya leo vikae sawa." Nimenuniwa, ndiyo, mara moja nilipangiwa naiti mfululizo mpaka nikachoka.

Ukimkuta mwenzako anapika namba usimpigie kelele mbele ya ndugu wa mgonjwa, mvute pembeni, mwambie twende tukapime wote. Akirudia, mfikishe kwa inchaji, na umwambie yeye mwenyewe kwamba unampeleka, asije akasikia kwa watu.